Urefu wa Rupmati

Mbio zilikwisha asubuhi. Kilichobaki ni kipimo cha urefu tu, na Rupmati, binti yangu mdogo, alikuwa wa tisa kwenye foleni ya wasichana wanaotaka uaskari polisi. Mimi na dada yake, Sunaina, tulibanwa na umati nje ya uzio.

Miaka minne nyuma Sunaina alisimama uwanja huu huu. Mbio aliwaacha wote, ila kwenye kipimo akapungua vidole viwili, wakamrudisha nyumbani. Majirani wakasema ni damu. Damu gani? Baba yao huinama kila akipita mlangoni.

Mimi nilijua. Sunaina alipokuwa mchanga aliharisha mara kwa mara, na mama mkwe akakataza asipewe maji wala chakula, eti tumbo lipumzike. Nikatii, mjinga mie. Mtoto alipona, lakini hakurefuka tena kama wenzake. Rupmati alipoanza kuharisha, mhudumu wa afya wa kijiji alinifundisha maji ya chumvi na sukari. Nilimnywesha mbele ya mama mkwe, na uji wa dengu juu yake. Bibi yule alininunia hadi Chhath, sikukuu ya jua. Anune tu.

Yote hayo Sunaina sikuwahi kumwambia. Pale uzioni, foleni ikiwa imebaki watu wawili, yakanitoka, tena kwa kigugumizi. Alinisikiliza bila kunitazama. Nilitamani anitukane tu, yaishe.

Askari wa kike alishusha ubao juu ya kichwa cha Rupmati, akamkaripia asinyanyue visigino. Akaukagua mara ya pili. Kisha akamwonyesha upande wa waliofaulu.

Nililia hadi ncha ya sari ikalowa. Sunaina alinishika bega.

"Nilikuwa najua, Mama. Bibi aliniambia kabla hajafa. Nilikuwa nangoja uniambie wewe."

Nikamuuliza mbona hakunichukia miaka yote hiyo.

"Ulikuwa na miaka kumi na saba. Ungemshinda Bibi, wewe?"

Ng'ambo ya uzio Rupmati alikuwa anatukimbilia, viatu mkononi.

"Futa uso, mama wa askari," Sunaina akasema. "Asije akadhani kashindwa."