Amina ya Darasa la Tatu

Jirani yangu hana breki mdomoni. Alinikuta naanika nguo, akaniambia mjukuu wangu kasimama mbele ya darasa zima, kwenye sala ya asubuhi, akasema, "Mungu, sikupendi." Darasa likajibu amina. Mwalimu naye amina, tena kwa sauti.

Nguo niliziacha kwenye beseni. Mtoto huyo ndiye pekee niliyebaki naye. Mama yake, binti yangu, aliugua mwaka jana akafariki. Mtoto tulizoea kumwita Chiriku kwa jinsi alivyokuwa haishi kuongea, lakini tangu mazishi kimya. Tukiombea chakula, anakodoa macho tu. Shule ya Kikristo nilimpeleka makusudi, maana umri umenitupa mkono, na siku nikiondoka sitaki abaki bila mama, bila bibi, na bila Mungu juu yake. Sasa eti shule yenyewe inamwitikia amina. Nilichemka.

Nilimkuta mwalimu wa darasa la tatu anafuta ubao, chaki hadi kwenye nyusi. Binti mdogo tu.

"Shikamoo, bibi."

Nikaitikia marahaba ile ya kukata maneno, nikamwaga yote. Kwamba sikumleta mtoto afundishwe kumkosea Mungu adabu. Kwamba enzi zetu angekula bakora mpaka imani imrudie.

Alinisikiliza hadi nikaishiwa pumzi, ndipo akanivutia kiti. Kiti chenyewe cha watoto, magoti yakanifika kidevuni. Ukikaa hivyo huwezi kugomba vizuri.

"Bibi, hapa kila asubuhi mmoja anasimama, anamwambia Mungu neno lolote, mradi liwe la kweli. Hakuna kucheka, na hakuna wa kumsahihisha, hata mimi. Kazi yetu sisi ni kuitikia. Mjukuu wako zamu zake zote alikuwa anasimama kimya, nasi tunaitikia kimya chake. Jana ndiyo kafungua kinywa."

"Kusema hampendi?"

"Alimwambia Mungu mwenyewe, bibi. Hakuniambia mimi, wala mwenzake wa dawati. Mtoto akikususa kweli, hata hakusemeshi. Mimi jana nilirudi nyumbani namshukuru Mungu njia nzima."

Nikamwambia nitakuja kuona kwa macho yangu, maana maneno matamu nimeshayasikia mengi. Akasema karibu sana.

Zamu ya Chiriku ilipofika tena, nilikuwa nimekaa nyuma kabisa, kwenye kiti kilekile cha mateso. Akaenda mbele, soksi moja imemshuka. Akaniona, akafumba macho. Kimya kikawa kirefu. Nilijiambia akirudi kukaa bila neno kwa sababu mimi nipo, nitakuwa nimemfunga kinywa mimi mwenyewe.

"Mungu," akasema. "Bado nimekukasirikia kwa sababu ya mama. Lakini bibi analia jikoni. Anasema ni vitunguu, hata siku tunazochemsha chai tu. Nimejaribu kumkumbatia, mikono yangu haimzunguki. Mkumbatie wewe."

Darasa likasema amina.

Machozi yakanitoka bila kisingizio. Tangu nimzike mwanangu nilikuwa nasali sala za kukariri tu, kwa kuogopa kwamba nikianza maneno yangu mwenyewe nitasema ya kukufuru. Mtoto wa darasa la tatu kaweza, bibi yake nimeshindwa. Nikajishika kwenye dawati, nikanyanyuka. Vichwa vyote vikageuka.

"Mungu," nikasema. "Mungu, mimi pia nimekukasirikia. Na asante kwa huyu uliyeniachia."

Mwalimu alikuwa anajifuta macho. Walioniitikia amina ni wale watoto, na sauti ya Chiriku ilizidi za wote.