Unga wa Chuma wa Sepuka

Rahabu alijisifu kwamba pua yake hunusa ubovu wa maji kabla ndoo haijashuka kichwani. Kisha akacheka mwenyewe: mwenye pua hiyohiyo alikunywa maji ya lambo la Sepuka miaka mitatu, yamejaa dawa za ng'ombe, asipige hata chafya.

Dawa zilitoka kwa Chrispin, mwenye duka la kijijini. Serikali ilipoiachia huru biashara ya dawa za mifugo, kila mwenye rafu akawa daktari. Zilizomwozea dukani, Chrispin alizimwaga lamboni. Sasa kidonda cha Hana, mjukuu wa Rahabu, kilikula kapsuli kama karanga na hakikupona. Nesi alisema wadudu wake wameshazizoea dawa hizo humohumo majini. Tena mtoto hana damu, anahitaji madini ya chuma.

Rahabu alipiga kelele mkutanoni mpaka akaletwa Eliana, mtaalamu wa maji, na pipa la mchanga. Maji yangepita humo pamoja na ile dawa ya povu ya kuoshea vidonda, na unga wa chuma ukiwa kichocheo cha kuvunjavunja mabaki ya dawa za ng'ombe.

"Bila chuma, bibi, hili ni pipa tu."

Gunia la unga akakabidhiwa Rahabu, kwa kuwa ndiye aliyemtukana Chrispin kwa sauti kubwa kuliko wote.

Nyumbani akautazama. Chuma! Si ndicho anachokosa Hana? Akauchanganya na chumvi, akawa anamlambisha ng'ombe wake kila asubuhi, kama watu wanavyolambisha magadi. Chuma kiingie kwenye maziwa, maziwa yaingie kwa mtoto. Pipa akaliachia mchanga wake tu.

Miezi miwili baadaye kidonda kilikuwa kimeonyesha mfupa. Eliana akarudi, akapima maji, akakuta dawa za ng'ombe zimo vilevile. Watu wakakusanyika lamboni.

"Shikamoo bibi. Unga uliutia?"

"Marahaba mwanangu. Wote! Mikono yangu mpaka leo inanuka chuma."

Eliana akatoa sumaku, akaizungusha ndani ya mchanga. Ikatoka safi kama kijiko cha harusi. Ng'ombe wa Rahabu, aliyekuja kunywa, akadhani ni mlo wake, akailamba. Sumaku ikatoka mdomoni mwake na ndevu nyeusi za unga wa chuma.

Chrispin ndiye aliyecheka.

"Mama, mimi nilimwaga zangu mchana, watu wakiniona. Hebu tuambie tena habari za hiyo mikono."

Rahabu akaiingiza ndani ya kanga.