Msimguse Mpaka Nifike

Mume wangu ni fundi rangi, na siku aliyoanguka alikuwa anapaka rangi nyumba ya kaka yake, bure. Nalisema hilo mapema msije mkadhani nina kinyongo cha kuzaliwa nacho. Ngazi iliteleza kwenye sakafu ya varanda, akashuka nayo, na mguu wa kulia ukamkunjikia chini. Nilipofika hospitali niliwakuta wanamhamishia kwenye kitanda cha magurudumu. Niliutazama mguu mara moja tu, nikageukia ukutani. Goti lilitazama juu na unyayo ulitazama pembeni.

Daktari wa zamu alikuwa dada mmoja mwembamba, mwenye sauti ya chini. Alikata suruali kwa mkasi, akagusa vidole vya mguu, kisha akanionyesha ngozi ya upande wa ndani wa kifundo. Ilikuwa imevutika juu ya mfupa mpaka imekuwa nyeupe. Akaeleza kwa lugha ambayo hata mimi muuza vyombo niliielewa: kifundo kimevunjika na kimetoka mahali pake, mfupa unaisukuma ngozi kutoka ndani, na damu inapita kwa taabu. Atamchoma sindano ya maumivu na nyingine ya kumlegeza, atauvuta mguu urudi mahali pake, ataufunga, ndipo wampeleke kupigwa picha na kupanga upasuaji.

Nikauliza kwa nini tusianze na picha.

"Picha inaweza kusubiri," akasema. "Ngozi haiwezi."

Nikasema sawa. Mume wangu akasema hapana, mpaka kaka aje.

Hapa lazima nimweleze huyo shemeji yangu, maana bila yeye hadithi ingeishia hapo na mguu ungekuwepo. Tunamwita Mwenyekiti. Hakuna aliyempigia kura. Ikiwa ni harusi, mwenyekiti yeye. Ukiwa ni msiba, mwenyekiti yeye. Watu wakigombania kuku, yeye ndiye wa kuvutiwa kiti. Baba yao alifariki mapema, yeye ndiye akawalea wadogo zake, na sifa hiyo simnyimi. Ila aliwalea wakabaki watoto. Mume wangu ana mvi kwenye ndevu na hajawahi kununua hata godoro bila kumuuliza kaka.

Simu ikapigwa, tukamsikia wote.

"Msimguse mpaka nifike," akasema. "Haraka haraka haina baraka."

Daktari akaiomba simu, akaeleza upya tangu mwanzo. Mwenyekiti akamwita "binti yangu", akamsifu kwa kazi nzuri, akamwomba awe na subira. Kumbe alikuwa kwenye kikao cha harusi ya mtoto wa jirani, na ajenda zilikuwa hazijaisha.

Yule dada hakukata tamaa. Aliweka gango ili mguu usitikisike, akatoa dawa ya maumivu, akawa anaenda kwa wagonjwa wengine na kurudi. Kila aliporudi alimwambia mume wangu wazi kwamba mguu anaweza kuupoteza. Naye kila mara alifumba macho akajibu kwamba anamsubiri kaka yake. Mtu mwenye akili timamu akikataa, hakuna daktari wa kumvuta kwa nguvu. Mimi nilibembeleza, kisha nikafoka. Nilimuuliza mguu ule ni wake au wa ukoo. Akaniambia nisimvunjie heshima mbele za watu.

Ngoja ngoja huumiza matumbo, wamesema waliotutangulia, na mimi siku hiyo niliiona ikiumiza mguu, nimekaa kwenye benchi na mkoba mapajani. Ile ngozi iliacha kuwa nyeupe ikaanza kuingia rangi ya zambarau.

Mwenyekiti alifika jua limeshahama dirishani. Alikuwa amepitia nyumbani kubadilisha shati. Nililiona kabla sijaona uso wake, mstari wa pasi umesimama kwenye mikono yote miwili, na nikamchukia kwa moyo wangu wote. Akasalimia kitanda kwa kitanda kama anaomba kura. Kisha akataka kwanza aione picha. Ikabidi mgonjwa apelekwe, apigwe, arudishwe, akilia njia nzima. Mwenyekiti akaishika picha mbele ya taa, kichwa chini miguu juu, akaitazama sana. Mpiga picha akaigeuza taratibu.

"Endeleeni," akasema Mwenyekiti.

Muuguzi akashika goti, daktari akashika kisigino, akavuta, na mguu ukanyooka. Kazi yenyewe ilikuwa fupi kuliko salamu za shemeji. Daktari akaitazama ngozi, akaifunika kwa kitambaa chenye dawa. Nje, Mwenyekiti akawaambia ndugu kwamba amesimamia kila kitu mwenyewe.

Ngozi ilikufa. Kwanza yalikuja malengelenge, halafu pakawa peusi, halafu pakaachia. Upasuaji wa kuunga mfupa kwa vyuma ukawa unaahirishwa, kwa kuwa hakuna anayepasua juu ya ngozi iliyooza. Ukaja usaha, mfupa ukaonekana, ikaja homa ya kutetemesha kitanda. Ndipo daktari bingwa akatukusanya wodini akasema sumu imeshaingia kwenye damu. Mguu ukatwe chini ya goti leo hii, au tujiandae kuzika.

Mume wangu, katikati ya kuweweseka, alisema jambo moja tu, kwamba aulizwe kaka.

Tukamgeukia Mwenyekiti wote. Alikuwa amesimama mikono nyuma. Akakohoa kidogo.

"Hilo ni la mke na mume," akasema. "Mimi siwezi kuingilia ndoa ya watu."

Tangu niolewe katika ukoo ule sijawahi kuulizwa hata rangi ya pazia. Siku hiyo wakanikabidhi mguu mzima. Nikamwambia daktari akate. Nikaweka sahihi, nikaenda chooni nikalia mpaka mtu akagonga mlango.

Alipona. Sasa yuko nyumbani, na wageni hawakatiki. Mwenyekiti huja kukaa nao kwenye kochi langu, nao wanamvika kilemba cha ukoka, naye anakikaza. Anawaambia, nikiwepo, kwamba yeye tangu mwanzo alisema wasimguse. Wageni wanatikisa vichwa kwa masikitiko, kisha wananitazama mimi. Mama mkwe chakula changu hali tena. Wifi yangu ameniita Msumeno, eti ni utani, na jina limeshika.

Nilivumilia yote hayo, kwa kuwa mwenye mguu alikuwepo na niliamini anajua. Asubuhi moja wageni hawajaja, nilikuwa nimepiga magoti namfunga bendeji safi. Nikamuuliza taratibu kama anakumbuka siku ile ni nani alisema wasubiri.

Alitazama bendeji, hakunitazama mimi.

"Nakumbuka nani alisema kateni," akasema.

Nikafunga fundo, nikainuka kwenda kumchemshia maji ya kuoga.