Vitone vya Bimdogo

Tangu Mbaraki hadi Makupa, Bimdogo atakwambia, hakuna kibao cha kupendeza ambacho hakikupita mikononi mwake. Kisha, kabla hujakubali, atakwambia mwenyewe kwamba kile cha duka la mikate alikitoboa matundu ya misumari upande wa chini, kikatundikwa miguu juu, na mwenye duka amekataa kukigeuza. Watu husimama kukishangaa, na wakishasimama hununua.

Kwa hivyo alasiri ile Chirau alipoingia kidukani mwake Mji wa Kale, jasho likimchuruzika hadi kwenye mkanda, Bimdogo alijua kwamba huyu hakuletwa na sifa. Kaletwa na dhiki.

"Masalkheri, Bibi."

"Masalkheri, mwanangu. Keti kwanza, utaniangukia."

Chirau ndiye kontrakta wa lile jengo jipya la maofisi kule Mbaraki. Vigae vya ukumbini vilibandikwa vikabanduliwa, kwa kuwa rangi yake haikupatana na mapazia. Chemchemi ya maji ya mlangoni ilitoka ng'ambo. Sasa wakaguzi walikuwa waje asubuhi, ufunguzi ni Jumamosi, kadi zimeshagawanywa hadi Kizingo, na pasipo kibali mlango haufunguliwi. Tena tajiri mwenye jengo alikwisha kumwambia Chirau waziwazi: ukiniaibisha mbele ya wageni wangu, kwangu hujengi tena hata banda la kuku.

"Tulisahau vibao vya walemavu," akasema.

"Na walemavu wenyewe, mliwakumbuka?"

"Ndiyo maana nataka vibao."

Bimdogo akaendelea kukunja mkeka wake.

Vibao vya buluu vyenye mchoro wa kiti cha magurudumu havikumpa tabu. Tabu ilikuwa breli, yale maandishi ya vitone ambayo vipofu huyasoma kwa vidole.

"Hayo siyajui, mwanangu. Mimi nimesoma hadi darasa la saba, na hilo la saba nililimaliza nikitazama dirishani."

"Wewe bandika vitone tu. Mkaguzi ana macho yake. Ataviona, ataweka alama, basi."

"Na kipofu je?"

"Kipofu aende ofisini kufanya nini, Bibi?"

Hapo angeweza kumtoa dukani kwa ufagio. Hakumtoa, maana alikwisha kuingiwa na hamu ya kuona mambo haya yatatua wapi. Lakini kuandika upuuzi hakutaka, ana jina lake. Akapekua nyumba nzima akitafuta vitone vya kunakili, akavipata kwenye boksi la vidonge vyake vya presha, ambavyo mpwawe humletea kutoka ng'ambo. Angalau hivi, alijiambia, viliandikwa na mtu aliyejua anaandika nini. Akavinakili kwa gundi na shanga ndogo zilizobakia kwenye gauni lake la harusi, asikosee hata kimoja. Kibao cha choo, cha lifti, cha ngazi, vyote akavitia vitone vile vile, kwa sababu boksi lilikuwa moja.

Asubuhi alikwenda Mbaraki kuvibandika mwenyewe. Getini alimkuta Charo, mlinzi, kazama kwenye gazeti hata salamu akaiitikia bila kuinua uso.

Mkaguzi aliyetangulia alikuwa kijana mmoja, Griffins. Akatazama vitone, akaweka alama. Roho ya Chirau ikatulia, na roho yake ikitulia, mdomo ndio huanza kazi.

"Vimetengenezwa na wataalamu wa Nairobi hivyo. Tuliviagiza kabla hata ya saruji. Kisha tukamleta kipofu avikague. Alivisoma vyote, akalia kwa furaha."

Bimdogo, chupa ya gundi mkononi, akatazama dari.

"Mkuu wangu atapenda kusikia hayo," Griffins akasema. "Anamalizia simu hapo nje."

Mkuu akaingia akigonga vigae kwa fimbo nyeupe. Jina lake Kasyoka, mama wa makamo, mpole wa sauti.

"Sakafu hii inasikika ghali," akasema. "Nionyesheni choo."

Akapitisha kidole juu ya shanga. Akakirudisha mwanzo, akasoma tena.

"Hapa ni choo?"

"Choo, mama," Chirau akajibu.

"Kimeandikwa jina la dawa ya presha. Miligramu tano. Mamangu humeza hiyo kila siku." Akaenda kwenye lifti, akapapasa. "Na lifti ni miligramu tano." Akaenda kwenye ngazi. "Ngazi nayo. Hapa sibishi sana."

Bimdogo akauma ncha ya buibui asicheke.

"Nilipokuwa mlangoni nilisikia kuna mwenzangu alivisoma akalia," Kasyoka akasema. "Yawezekana alililia jengo. Anaitwa nani?"

Macho ya Chirau yakazunguka ukumbi, yakagonga chemchemi, yakatoka hadi getini.

"Charo," akasema.

"Haoni kabisa?"

"Kabisa, mama. Tangu kuzaliwa, maskini."

"Ningependa kumsalimu."

"Lo, Charo ameshakwenda kwao, Charo. Mbali sana."

Alilitaja jina mara moja zaidi ya lilivyohitajika, na ukumbi wa vigae hauli sauti. Viatu vikasikika vikija mbio kutoka getini, na pamoja navyo mchakacho wa karatasi.

"Naam, bosi, waniita?"

Kasyoka akageuza sikio.

"Ni karatasi gani hiyo, Charo?"

"Gazeti, mama. Nilikuwa nasoma mambo ya mpira."