Jina Lisilofungwa

Mtandio wenyewe, ungeukuta sokoni Mkuyuni, usingegeuka kuutazama mara ya pili. Ulikuwa kitambaa cha pamba cha rangi ya maziwa, pindo la bluu limepauka, na katikati majina machache ya wanawake yaliyodariziwa kwa mshono wa mnyororo. Lakini kwa waliokuwa wakiimba jukwaani Mwanza enzi zile, hakukuwa na kombe wala cheti kilichoufikia.

Ulianza mwaka sabini na nne, kiwanda cha nguo kilipokuwa na kikundi chake cha sanaa na kila shirika la umma nalo lina chake. Kila baada ya miaka michache vikundi vilishindana kwa michezo ya kuimba, na mwanamke aliyeibeba nafasi kuu vizuri kuliko wenzake alivishwa mtandio. Wa kwanza alikuwa Odeta, karani wa stoo. Jina lake lilishonwa na fundi wa kiwandani. Shindano lililofuata Odeta alishindwa, akanuna wazi wazi, na wazee wa kikundi, kwa kutaka kumtuliza, wakampa kazi ya kumdarizia jina aliyemshinda. Ikawa desturi. Anayevuliwa hupewa juma moja ashone jina la mwenzake, kisha amvishe kwa mikono yake mbele ya watu. Hakuna anayejishonea. Sijui ni nani aliyedhani kumpa mwanamke mwenye uchungu sindano kungemtuliza.

Kashindye, mwimbaji wa kikundi cha kiwanda, alivishwa mwaka themanini na tisa. Aliyevuliwa alikuwa Wilhelmina, ambaye alikuwa amekwisha kuuvaa mara mbili na kuuzoea kama ngozi yake. Wilhelmina alimvisha huku akitabasamu, watu wakapiga vigelegele. Kashindye alipofika nyumbani akautandika kitandani, ndipo alipoona. Jina lake lilishonwa kwa uzi wa rangi ya kitambaa chenyewe. Lilikuwapo, huwezi kusema halipo, ila mpaka ulisogelee pua kwa pua ndipo ulisome. Alilia, kisha akajiapiza kwamba siku yake ya kushona ikifika, yeye hatakuwa na roho kama ile.

Siku hiyo ilichelewa. Kiwanda kikapunguza watu, Kashindye akiwamo, na kikundi kikafa. Mtandio ukakaa kabatini kwake miaka sita. Alipanga meza ya mitumba pale Mkuyuni, na wateja waliomkumbuka wakamwita Mama Mtandio. Aliitikia jina hilo haraka kuliko alivyoitikia la kwake.

Mwaka tisini na tano, Amirali mwenye duka la vitambaa akasema atagharamia ukumbi, shindano lirudi. Vijana wakafufua mchezo uleule wa mke wa mtemi ambao ulimpa Kashindye ushindi. Nafasi kuu wakampa Paskazia, msichana wa Nansio aliyefanya kazi kwenye kiwanda cha minofu ya sangara. Kashindye wakampa kiti cha mbele.

Alikwenda akiomba Mungu msichana akosee. Paskazia hakukosea. Pale mke wa mtemi anapoagana na ndugu zake, mahali ambapo Kashindye alikuwa akipaza sauti mpaka mishipa ya shingo itoke, Paskazia aliishusha sauti, karibu ya kunong'ona, na ukumbi mzima ukainama kumsikiliza. Mama mmoja nyuma akasema, "Huyu ndiye hasa." Kashindye aliingiwa na wivu. Huyu ndiye hasa, kwa hiyo yule mwingine alikuwa nani?

Alipiga makofi kwa shingo upande. Ushindi wa Paskazia ukatangazwa, naye Kashindye akapewa juma lake la kushona.

Alishona vizuri, hilo msimnyime. Alichagua uzi mwekundu, herufi akazipanga sawa, mtu yeyote asipate la kumnyooshea kidole. Lakini mshono wa mnyororo una siri yake, na kila mwanamke aliyewahi kudarizi anaijua. Usipoufunga fundo mwishoni, uzi ukivutwa kidogo tu hufumuka wote, kitanzi baada ya kitanzi. Majina yaliyotangulia yote yalifungwa, hata lile alilolishona Wilhelmina. La Paskazia aliliacha wazi, akauchomeka uzi kwa ndani usionekane. Mshindi huufua mtandio kabla ya kuuhifadhi. Utafumuka mikononi mwake mwenyewe, ajilaumu mwenyewe. Kashindye akaukunja, akajisikia vizuri kwa muda kama wa kunywa kikombe cha chai.

Alimvisha Jumamosi mchana. Msichana alipiga goti. Alinukia sabuni, na kwa chini yake, samaki.

Wiki mbili baadaye Paskazia akaja Mkuyuni, amebeba mfuko wa plastiki.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Karibu."

"Mama, nimeufua. Jina langu limetoka."

Kashindye alikuwa ameliandaa jibu tangu siku ile. "Sabuni za siku hizi, mwanangu. Zinakula nyuzi. Pole sana."

Paskazia alisogeza pembeni mashati, akautandaza mtandio mezani. Kashindye akatazama mahali palipokuwa na jina la msichana, pakiwa na vitobo tu vya sindano. Kisha akaona la juu yake. KASHINDYE. Liliandikwa kwa herufi nene za uzi mwekundu, ukisimama upande wa pili wa barabara unalisoma.

"Nani kashona hili?"

"Mimi. Uzi uliofumuka ulikuwa mzima, nikaona nisiutupe. Lako lilikuwa halionekani, mama, nikalipitia juu yake. Nikiwa darasa la tano mlikuja Nansio na mchezo ule. Nilikaa mbele kabisa. Sikutaka watu wapite bila kulisoma."

Kashindye angeweza kunyamaza hapo, mambo yakaisha. Ila Paskazia aliugeuza mtandio, upande wa nyuma ukawa juu, akapitisha kidole taratibu, jina kwa jina, kwenye vifundo vidogo vilivyokauka kwa miaka. Kidole kikafika kwenye vitobo, kikasimama.

"Mengine yote yana fundo," alisema.

Wateja wawili walikuwa wakichambua suruali. Kashindye aliona haya mpaka masikio yakawaka. Huyu binti alijua. Alijua kabla hajachukua sindano, na bado akaanza na jina la mtu aliyemtendea hivyo.

"Sabuni haina kosa," Kashindye alisema hatimaye. "Niliacha makusudi. Ulipoimba pale pa kuagana, niliona kijicho."

"Najua, mama."

"Kwa nini hukujishonea tu, yakaisha?"

"Mtu hajishonei."

Paskazia akatoa mfukoni sindano na kibunda kipya cha uzi, akaviweka juu ya mashati. Kashindye alijaribu kuutunga uzi mara tatu, ukapita kando ya tundu. Msichana akaichukua sindano, akautunga, akamrudishia. Kisha akakaa kwenye kiti cha wateja, akasubiri jina lake.