Waliocheka Kwenkoko

Tangu usiku wa siku aliyoshuka kilima cha Kwenkoko, Kibwana hakusema neno. Alitabasamu tu. Watu wa Sindeni waliokuja kumjulia hali walimkuta ameketi kizingitini mwa nyumba ya bibi yake, mlango wazi nyuma yake, anatabasamu kama mtu aliyeambiwa siri tamu akakatazwa kuitoa. Ukimsalimia alikutazama vizuri. Ukimpa chakula alimega tonge moja au mawili, akaisukuma sahani upande ambao hapakuwa na mtu, akangoja. Mashavu yalikuwa yamebonyea, shingo imekuwa ya kuku, na tabasamu liko palepale.

Hajira, mdogo wake, alikuja kutoka Korogwe alikokuwa akifanya kazi kwenye chumba cha intaneti. Hakuwa msemaji, wala shule haikumfikisha mbali. Darasa la saba lilipokwisha, naye akaishia hapo. Lakini alikuwa na macho ya kukaa na kitu mpaka kitu chenyewe kichoke kujificha. Alimwangalia kaka yake kutwa nzima, na jua lilipoanza kushuka alikuwa ameona ambalo wote waliokuja kumjulia hali hawakuliona. Kibwana akitembea, hata kwenda msalani, alikwenda hatua mbili tatu akasimama, kama mtu anayengoja wenye miguu mifupi.

"Bibi," akauliza, "kaka anaongozana na nani?"

Bibi Chausiku alikuwa akichambua kunde kwenye ungo. Hakuinua uso.

"Kumbe umeona, mke mwenzangu. Nikadhani ni macho yangu tu, yameanza utani wa uzee."

"Ni nani?"

"Kwanza niambie wewe. Huyu mume wetu alikuja huko kwenu Korogwe siku ile aliyoshuka mlimani. Alifanya nini?"

Hajira akaeleza, na ili bibi aelewe ilimbidi aanzie mbali.

Kibwana alikuwa mkata mkonge. Mama yao alipofariki ni yeye aliyeingia shambani, miiba ikamchanja mikono, ili Hajira avae sare ya shule. Kisha mashamba yakauzwa kwa wawekezaji, wakataji wakaambiwa warudi makwao, na Kibwana akapata kibarua kwa mzungu mmoja wa mradi wa visima. Mzungu huyo, kabla ya kurudi kwao, alipanda Kwenkoko na kuficha kopo la plastiki katika pango lililoko juu. Ulikuwa mchezo wao. Mtu anaficha kopo lenye vitu vidogo vidogo, anapima mahali hapo kwa kimashine kinachosoma satelaiti, kisha anazitangaza namba zake kwenye intaneti. Mwingine anazichukua, anakuja na kimashine chake, anatafuta mpaka alione. Anaandika jina kwenye karatasi iliyomo, anachukua kitu, anaacha kitu. Akifika kwenye kompyuta anafungua ukurasa wa kopo hilo na kuwaeleza wenzake safari ilivyokuwa.

Wageni wakaanza kuja mmojammoja, wengi wao wapita njia waendao Handeni, na Kibwana akawa ndiye mwenyeji wao. Aliwafikisha chini ya mwamba, akabaki hapo. Bibi alikuwa amemkataza pango tangu utoto na hakuwahi kukaidi. Mpaka siku ile mgeni mmoja alipoteguka mguu njiani, akamwomba apande yeye amwangalizie kama kopo bado lipo. Kibwana akapanda. Akaingia. Aliposhuka alijionyesha mwenye furaha, kama mtu aliyejaribu na hakuona cha kutisha. Jioni hiyohiyo akadandia lori mpaka Korogwe, naye aandikwe kwenye ukurasa kama wazungu.

"Akaandika nini?" bibi akauliza.

"Hakuandika, bibi. Aligonga uso."

Ndivyo ilivyokuwa. Matayo, mwenye chumba cha intaneti, kijana aliyekuwa amekaa Dar na kurudi na maneno yake, alimfungulia ukurasa. Kibwana akatazama maandishi ya Kiingereza, akajikuna kichwa.

"Mimi kimombo changu ni yesi na noo, mshikaji. Hapo nitasema nini?"

"Usijipe taabu, kaka. Gonga katuni. Unaona hizi za njano? Hii inacheka, hii inakonyeza, hii imetoa ulimi. Wenzio wote wanagonga hizo hizo, tena hao wana digrii."

Na kweli, ukurasa mzima ulikuwa nyuso. Kila jina na uso wake wa njano, unacheka. Kibwana akachagua mmoja, akaugonga, wakacheka wote watatu. Aliaga akaondoka, na kule kuaga ndiko kukawa neno la mwisho watu kulisikia kinywani mwake.

Bibi aliuweka ungo chini.

"Aliingia bila kusema, akatoka bila kusema, akaenda kuacha uso wake unacheka mbele za watu. Basi bado yuko ndani."

Akamsimulia, kwa Kizigua, maana alisema mambo hayo katika Kiswahili yanakosa uzito. Zamani za vita vya mateka, watu wa Sindeni waliwaficha watoto wao katika pango la Kwenkoko. Wakawaambia: msiseme, msilie, msitoke mpaka tuje kuwaita. Wazazi wakashuka kuwapoteza maadui njia. Hakuna aliyerudi. Watoto walikuwa na adabu. Hawakusema, hawakulia, hawakutoka.

"Kwa hiyo mtu akilazimika kuingia mle," bibi akasema, "hutamka. Mimi fulani, mwana wa fulani na fulani. Si mimi mnayemngoja. Nimeingia, nimeona, nimeondoka. Wakisikia hivyo wanakaa. Anayeingia kimya, tena anacheka, wao watajuaje? Mtoto akiona mtu mzima amechungulia mafichoni anacheka, anasema huyo ndiye. Tumeonekana. Mchezo umekwisha, twende nyumbani."

Hajira akakumbuka kwamba katika ukurasa ule palikuwa na mgeni mmoja aliyeandika maneno, mwanamke wa Ulaya, siku nyingi baada ya kugonga uso wake wa kwanza. Hajira alikuwa amemwomba Matayo amsomee. Anasema tangu arudi kwao, Matayo alitafsiri, anajikuta anaandaa sahani zilizozidi, na hajui anamwandalia nani. Anauliza kama kuna mwenzake aliyepatwa na hivyo. Chini yake watu walikuwa wamemjibu kwa nyuso zinazokonyeza. "Mama wa watu kachanganyikiwa," Matayo alisema, akafungua ukurasa mwingine.

"Kaka hawezi kusema, bibi. Ataagaje?"

"Wa tumbo moja anaweza kumsemea. Lakini aende naye. Na asiongeze wala asipunguze."

Asubuhi wakapanda. Kibwana hakubisha, alikwenda mwendo wake ule wa kungojangoja, na Hajira akajizuia asiangalie nyuma yake. Karibu na mwamba walimkuta Kisemei, mfugaji aliyekuwa akipitisha ng'ombe wake kwa mbali, njia ya mzunguko kabisa.

"Mnapanda huko?" akauliza Kisemei, ameegemea fimbo.

"Tunapanda. Mbona wewe unazunguka?"

"Ng'ombe hawataki. Ng'ombe wakikataa njia mimi siwaulizi sababu." Akamtazama Kibwana, kisha nafasi iliyokuwa ubavuni pa Kibwana, akaanza kuwaswaga wanyama wake bila kuaga.

Pango halikuwa kubwa. Jua la saa nne liliingia mpaka nusu yake na kuonyesha mchanga mweupe, laini, kama uliokaliwa sana. Kopo lilikuwa wazi. Vitu walivyoacha wageni vilikuwa nje yake, vimepangwa kwa mstari: gari dogo la plastiki, gololi, mwanasesere asiye na mkono, kichongeo, kengele ya baiskeli. Hakuna mgeni wa kupanga hivyo. Hivyo hupanga watoto waliokaa mahali muda mrefu na wamekatazwa kupiga kelele.

Kibwana alisimama mlangoni mwa pango, akaweka kidole mdomoni. Bado anatabasamu. Nyuma ya nusu ile isiyofikiwa na jua palikuwa na kimya, lakini si kimya cha mahali patupu. Ni kile cha darasa, mwalimu anapoingia ghafla.

Hajira akasafisha koo.

"Mimi Hajira, mwana wa Sadala na Mwanahawa. Huyu ni Kibwana, mwana wa Sadala na Mwanahawa. Si sisi mna..."

Neno likamkwama. Halikukwamishwa na woga. Alikuwa ameangalia ule mstari wa vitu, na akafikiri ni watu wangapi, vizazi vingapi, wameingia humu na kuwaambia watoto neno hilohilo: si mimi, endeleeni kungoja. Yeye mwenyewe aliwahi kungoja. Mama yao alipochukuliwa kwenda hospitali aliambiwa akae mlangoni asitoke mpaka mama arudishwe, naye akakaa. Majirani walipita, kila mmoja akimwambia subiri, mwanangu. Mtu wa kumtoa pale alikuwa Kibwana. Alichuchumaa mbele yake, akasema: amka, Hajira. Mama harudi. Ilimuuma kuliko yote, na ndiyo iliyomwinua.

Bibi alisema asiongeze. Hajira akaongeza.

"Waliowaficha hawarudi," akasema. Sauti yake ilitoka ndogo, lakini pango liliichukua. "Hawakuwasahau. Walikufa njiani. Vita vilikwisha, hata wajukuu wa waliopigana wamekwisha. Mlikuwa watoto wenye adabu. Sasa basi. Mwachieni kaka yangu, yeye hajui pa kuwapeleka. Anayetaka kutoka atoke, anifuate mimi."

Kisha lile gari dogo likaserereka kidogo mchangani, kama kitu kilichoachiwa mkononi.

Kibwana akashusha kidole. Alikuwa amekunja uso kwa mara ya kwanza tangu arudi, na hakujawahi kuwa na uso uliokunjwa uliompendeza Hajira kiasi kile.

Hajira akavifunga vile vitu vyote katika pembe ya kanga yake, akachukua na kopo, asije mwingine akapata sababu. Katika kushuka, Kibwana alishika mwendo wake wa zamani wa mkata mkonge, akamwacha mbali. Hajira ndiye aliyeshuka polepole.

Lakini bado hakuwa amesema. Bibi alipowaona akatikisa kichwa. "Uso wake uko wapi? Si uko kule bado unacheka? Nendeni mkautoe."

Chumba cha Matayo kilikuwa katika jengo lililokuwa zamani duka la ushirika; rafu za sukari ya mgao ndizo zilizobeba sasa kompyuta. Matayo alipomwona Kibwana akasimama.

"Duh, kaka umekonda. Karibu, karibu uketi."

"Tunataka ukurasa wa Kwenkoko," Hajira akasema. "Ufute ule uso wake."

"Niufute, niweke upi? Wa kulia?"

"Usiweke wowote. Tunaandika."

"Nani anaandika? Nikutungie kwa Kiingereza? Huko hawasomi Kiswahili, dada yangu, utaonekana mshamba mbele ya dunia nzima."

"Nimekwambia ni wazungu peke yao ninaowaandikia?"

Matayo alitaka kucheka, akaangalia uso wa Hajira, akaacha. Akaufuta. Mahali ule uso wa njano ulipokuwa pakabaki jina la Kibwana na nafasi nyeupe mbele yake. Hajira akaketi, akavuta kibodi. Alijua kuandika kwa kidole kimoja, taratibu, na leo hakuwa na haraka.

"Sema, kaka. Wewe ndiye uliyepanda. Niandike nini?"

Kibwana alitazama ile nafasi nyeupe. Midomo ikacheza. Kilichotoka kwanza kilikuwa hewa, kisha kikwaruzo, kama mlango wa ghala lililofungwa miaka.

"Mimi Kibwana," akasema. "Mwana wa Sadala na Mwanahawa."

Hajira akaandika. Macho yalimjaa maji, lakini hakuyafuta, maana mikono ilikuwa na kazi.

"Niliingia sikubisha hodi. Niliona vitu vimepangwa, nikacheka. Nikasikia mtu anapumua, nikacheka tena, maana niliogopa. Usiku ule nilipotoka humu kwenu wakanishika nguo, hapa, hapa na hapa. Mikono midogo. Baridi. Wakaniambia nisiseme, tutasikika. Nikashindwa kusema. Andika kwamba kopo halipo tena, watu wasiende. Andika kwamba aliyekwisha kwenda na kuacha uso tu, aje aandike jina lake na aage. Yule mama wa sahani naye aambiwe."

"Nimeandika."

"Andika, nimeingia, nimeona, nimeondoka."

Akaandika. Matayo, bila kuambiwa, alikwenda kumletea Kibwana chai na chapati, na Kibwana akala, akala yote, hakusukuma sahani popote. Alipomaliza alifuta mdomo, akageuka kumshukuru dada yake. Shukrani ikamfia kinywani. Alikuwa akiangalia sakafu, kuzunguka kiti cha Hajira, akivuta miguu yake mwenyewe taratibu ili asikanyage.

"Hajira," akasema kwa sauti ya chini. "Na wewe andika. Jina lako, na useme umeondoka."

Hajira akarudisha vidole kwenye kibodi. Akaandika jina lake, na la baba yake, na la mama yake. Akaandika kwamba ameingia. Akaandika kwamba ameona. Kitu chepesi kikamvuta pindo la kanga, pale alipofunga vile vitu, kikangoja.

Neno la mwisho hakuliandika.