Mtungi Chini ya Boneti

Gaudens Kamugisha, karani wa bomani, alikuwa na gari kuukuu aliloling'arisha kila alfajiri, hata majogoo wa Buguruni wakawa wanapigana na sura zao wenyewe kwenye milango ya gari hilo. Jumapili moja gari lilikuwa na kazi nzito: kumpokea stesheni Bibi Benedicta, aliyetoka bara kuja kutoa jibu la posa, kwani ndiye shangazi wa Auleria, binti ambaye Gaudens alimposa.

Katika ukoo wa Auleria jibu halikutafutwa katika maneno. Shangazi huingia nyumbani kwa mposaji, huufunua mtungi kwa mkono wake mwenyewe, huyatazama maji. Akinywa, binti ameolewa. Asipokunywa, huaga. Gaudens alilijua hilo, kwa hiyo alinunua mtungi mpya, akayachuja maji kwa kitambaa cheupe, akalala usingizi wa mtu aliyekwisha kuoa.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, baba. Gari hili ni lako?"

"Langu, shangazi. Ukilitazama umeniona mimi, mtu wa utaratibu."

Karibu na soko la Buguruni, utaratibu ulianza kufuka mvuke puani. Gari likakohoa, likatetemeka, likazimika mbele ya Sadallah, muuza kahawa.

"Bwana Karani," Sadallah aliita, "nilete birika langu hapo juu? Makaa yameniishia!"

Soko likacheka. Gaudens alifunua boneti, akakirukia kifuniko cha rejeta, lakini Sadallah akamdaka mkono. "Utaubabua uso huo, nawe leo unauhitaji. Acha lipoe."

Wakangoja. Shangazi alikaa kwenye benchi la kahawa, mkoba mapajani.

"Maji ya gari hili huyatazama lini, baba?"

"Kila asubuhi, shangazi. Sikosi."

Gari lilipopoa, kifuniko kiligoma. Gaudens alikizungusha kwa leso, akakizungusha kwa tai, mwishowe Sadallah akakigonga kwa jiwe hadi kutu ikaachia. Shangazi aliinama, akachungulia kwa umakini ule ule alioutumia maisha yake yote kuchungulia mitungi ya watu. Ndani mlikuwa na tope jekundu kidogo, na mafuta yakielea juu yake.

"Kila asubuhi," alisema.

"Nyumbani ni tofauti, shangazi! Nyumba ni ile pale. Mtungi wangu unameremeta!"

"Mtungi ulijua kwamba nakuja, baba. Gari halikujua. Haya, ulete."

Gaudens akaupitisha mtungi katikati ya soko, begani, juu ya suti. "Bwana harusi huyo!" wakamzomea. Aliutua miguuni pa shangazi na kumwinulia kata iliyojaa, maji meupe pe.

"Gari kwanza," alisema shangazi. "Limembeba mgeni."

Gaudens akamimina. Maji yaliingia juu yakiwa safi, yakatoka chini yakiwa mekundu, yakamrukia viatuni. Akaongeza, yakatoka. Akamimina mpaka mtungi ukalia kwa utupu.

Bibi Benedicta aliuchungulia, akaurudishia kifuniko kwa adabu.

"Nina kiu," alisema. Akageuka, akapokea kikombe kwa Sadallah, akanywa kahawa yote polepole, kisha akauliza njia ya kurudi stesheni.

Gaudens alimtazama akienda hadi alipopotelea sokoni. Kisha akatoa leso, akachuchumaa, akaanza kufuta tope lililolirukia gurudumu.